Chujio la maji la kutundika: uzoefu wangu, kutoka Nairobi hadi Msitu wa Mau

Chujio hili la nyuzi, lenye ndoo juu na mrija unaoteremka hadi kwenye bomba, nililinunulia Nairobi kwa ajili ya dada yangu. Ni nesi kwenye zahanati iliyo ukingoni mwa Msitu wa Mau, upande wa Narok, ambako maji huchotwa kijitoni kwa mitungi ya lita 20.

Kabla ya kulituma kwa matatu nililijaribu kwangu Kawangware kwa maji ya mvua yaliyoteremka kwenye bati chafu. Yakatoka safi kabisa. Halitaki umeme wala kuni. Maji hujisukuma kwa uzito wake, mradi ndoo itundikwe juu.

Kule Mau likazuka jambo ambalo muuzaji hakuligusia. Maji yaliyopita kwenye majani yaliyooza huwa na rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa. Chujio hunasa tope na vijidudu, lakini rangi iliyoyeyuka inapita. Mama mmoja aliyekuwa ametoka kujifungua alipewa kikombe, akakitazama, akakirudisha: "Daktari, haya nayo yamechujwa?" Siku hizi dada hunywa kwanza yeye, wakimwona.

Msimu wa mvua lisiposafishwa kila siku linadondosha matone tu. Unafunga bomba, unabinya pampu, tope linatokea chini. Kazi ndogo, ila si kwa nesi aliye zamu peke yake na mama yuko kwenye uchungu.

Na mtu asikuuzie hili kama suluhisho la wodi ya uzazi. Mkasi wa kitovu bado lazima uchemshwe au utiwe kwenye mashine ya mvuke. Tena maji yaliyochujwa yakimwagwa kwenye ndoo chafu yanachafuka upya, maana hayana klorini. Kwangu mimi, ndoo ya mfuniko niliyotiliwa bomba na fundi wa Kamukunji imesaidia kushinda chujio lenyewe: mkunga ananawa kwa maji yanayotiririka bila kuchovya mkono, na vijidudu vya homa ya uzazi, ile inayompata mama baada ya kujifungua, huweza kubebwa na mikono. Dada huitia dawa ya klorini, anangoja dakika 30.

Walio Nakuru na Naivasha wanaotumia visima: floridi inayoharibu meno haichujwi na hili.

Nyota nne kati ya tano. Mrija ukipasuka vipuri viko Nairobi tu, kwa hiyo beba wa ziada siku hiyohiyo.