Nimelipia mixi yangu isikilizwe, haikusikilizwa

Kama unatengeneza muziki nyumbani na unafikiria kumlipa mtu akusikilizie mixi yako (wimbo ukishachanganya sauti na vyombo), soma hapa kabla hujatuma hela. Jina simtaji. Ni prodyuza anayefahamika hapa Dar, na tangazo lake linasema atausikiliza wimbo wako wote na kukupa maoni ya kina. Wote, ndivyo lilivyoandikwa.

Nilimtumia faili la wimbo, la WAV, na swali moja tu, tena kwa herufi kubwa ili asilipite: sauti za kiitikio zinasikika vizuri kwenye simu? Kiitikio kaimba binamu yangu, kaimba vizuri kuliko nilivyotarajia, nami nikaitanua sauti yake: nakala moja kushoto, nyingine kulia, ya kulia nikaichelewesha milisekunde chache. Kwenye hedifoni unasikia kundi zima la akina dada. Lakini watu wetu wanasikilizia spika moja ya simu, au ile ya blutuuthi iliyofungwa kwenye bodaboda, na huko kushoto na kulia vinachanganywa kuwa kitu kimoja. Nakala mbili zilizopishana kidogo zikichanganywa hivyo, baadhi ya masafa yanafutana na sauti inakonda. Hofu yangu ilikuwa hapo. Hilo tu ndilo nililolipia.

Majibu yalikuja baada ya kumkumbusha sana. Mistari michache, na wa mwisho ukasema: "Wimbo umepoa, jaribu kuweka mtoto wa kike kwenye kiitikio."

Kiitikio kinaimbwa na mwanamke! Kinaingia kabla hata dakika ya kwanza haijaisha! Maana yake kasikiliza utangulizi na kipande cha ubeti, akafunga, akaandika.

Nikamwandikia kwa adabu zote: shikamoo kaka, samahani kwa usumbufu, naomba usogeze mbele kidogo usikilize kiitikio. Akanijibu kwa voisi noti, nyuma yake muziki wa baa umejaa. "Dogo, mimi niko kwenye hii gemu siku nyingi. Mixi mbovu naijua sekunde kumi tu. Halafu plagini zenyewe za bure, unategemea nini?"

Hapo kwenye plagini za bure, yaani programu ndogo za kurekebisha sauti, ndipo aliponichefua. TDR Nova ni ya bure, na hata watu wenye studio za maana wanaitumia kutuliza masafa yanayokwaruza kwenye sauti. SPAN ya Voxengo ni ya bure, na inakuonyesha wazi ni wapi vyombo vinarundikana. Kijana aliyejinyima mpaka akapata laptopu hahitaji kuaibishwa kwa kutokununua kitu ambacho hakimsaidii zaidi. Na ushauri wake mwingine, kwamba niusukume wimbo uwe na kelele zaidi, nao haukunifaa. Kwa mpangilio wake wa kawaida, Spotify inaushusha wimbo wenye kelele nyingi mpaka karibu na LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ukiuminya kwa limita, plagini inayozuia sauti isipite kiwango, mpaka ngoma ya snea ikose pumzi, Spotify itaushusha vilevile, na snea umeshaiua.

Haki yake nimpe. Mstari mmoja ulikuwa wa kweli: aliandika kwamba besi na kiki (ile ngoma nzito ya chini) vinagombania sehemu moja, karibu na hezi 60. Nikafungua SPAN, nikakuta kwenye mchoro wake vilima viwili vimekaa kimoja juu ya kingine. Nikaweka plagini ya Fruity Limiter kwenye besi, ikawa inashuka kidogo kila kiki inapopiga, na biti ikapata kifua ambacho haikuwa nacho. Kwa hilo namshukuru kwa dhati, na kuna siku nilitaka kuwaambia mumlipe tu, kwa sababu ya huo mstari. Lakini ndio unaonitia hasira zaidi. Masikio anayo! Angeweza kunisaidia, hakutaka kutoa dakika tatu.

Swali langu alikuja kulijibu fundi mitambo wa kwaya ya kanisa la mtaani kwetu, bure, tumekaa kibarazani kwake. Aliusikiliza wimbo mzima kwenye simu yangu ndogo, akarudia kiitikio, akaniambia, "Mdogo wangu, huyu dada anazama. Mwite aimbe tena, mara mbili, kila mara upya, moja weka kushoto nyingine kulia." Binamu akaja, tukarekodi chumbani, godoro limesimamishwa ukutani. Sauti mbili alizoziimba kweli hazifanani kama nakala, kwa hiyo hazifutani vile. Sasa kwenye simu yupo, kasimama mbele, na neno lake unalisikia.

Nilipanga kumpa yule prodyuza nyota tatu kwa ajili ya besi. Nimeisikiliza tena ile voisi noti wakati naandika hapa. Nampa moja, na hela yangu airudishe.