Noti za rupia mtandaoni: mnada au bei iliyotajwa?

Kwa mkusanyaji aliyeko Arusha anayetafuta noti za rupia, fedha ya Afrika Mashariki ya Kijerumani (koloni lililojumuisha Tanzania Bara ya leo), njia ni mbili: kupandiana bei mnadani, au kununua kwa bei iliyokwisha kutajwa.

Mnada una nafuu ya kweli pale tu muuzaji anapokuwa hajui alichonacho. Tafuta matangazo yenye jina lililokosewa, au rundo la noti zilizochanganywa ambamo imejificha ile ya rupia 5 ya mwaka 1905, yenye picha ya simba. Ila soma masharti kwanza. Nyumba nyingi za mnada humtoza mnunuzi ada juu ya bei ya mwisho, mara nyingi asilimia 20 au zaidi, kisha inafuata posta, pengine na ushuru wa forodha. Andika kikomo chako kabla ya kuanza, ukiwa umeshapunguza humo gharama hizo.

Bei iliyotajwa naipenda zaidi kwa noti za Vita vya Kwanza vya Dunia, zilizochapwa hapa hapa nchini kati ya 1915 na 1917. Rupia 1 ya wakati huo ilichapwa kwa wingi mno, hivyo hakuna sababu ya kuigombania. Linganisha bei zilizolipwa kweli, si zinazoombwa. Mwombe muuzaji picha ya pande zote mbili, noti ikiwa imeshikwa mbele ya taa: mikunjo iliyopigwa pasi na matundu ya pini huonekana hapo. Halafu mwombe apunguze. Wengi hukubali, hasa ukichukua mbili.