Redio siku nzima ya taarab asilia na ngoma, nyota 4, moja nimewakata

Jumapili nilikuwa na kanzu tatu za harusi za kumaliza kushona nkafungulia redio moja ya hapa hapa Unguja (jina nalihifadhi maana lawama ipo), walitangaza kutwa nzima ni taarab asilia na ngoma tu, hakuna bongofleva hakuna singeli, nkasema haya, tuone kama adhuhuri wataifika.

Wameifika na kuipita. Walifungua na Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa zamani, zile santuri alizorikodi Bombay 1928, zinakwaruza kama mtu anakaanga dagaa lakini sauti yake inapenya tu. Nyimbo zinakatika ghafla, hilo si kosa lao, santuri za zamani upande mmoja ni dakika tatu hivi basi.

Kisha Ikhwan Safaa, kikundi cha taarab kipo tangu 1905, na hapa ndo nyota ilipodondoka. Bashraf, yaani muziki wa ala tupu, imeanza, kanuni yenye nyuzi nyingi inaongea, fidla zinaijibu, nai, ile filimbi, inaingia kwa mbali, mara mtangazaji huyoo, anasoma meseji za salamu juu yake, sijui shemeji wa Kwahani, sijui mama nani. Kaka, bashraf kukosa mashairi si ruhusa ya wewe kutia maneno yako!

Mchana wakamtia marehemu Hukwe Zawose wa Dodoma, marimba na zeze za Kigogo. Mteja akauliza Dodoma na taarab wapi na wapi, nkamwambia sheikh kaa usikilize, akakaa mpaka chai yake ikapoa.

Ila alasiri, kidumbak, ile taarab ya ngoma! Wamepiga wimbo uleule waliopiga asubuhi na okestra kubwa, sasa ni fidla moja, vidumbak viwili, yaani ngoma ndogo, cherewa za kutikisa, mkwasa, yaani vijiti vya kugonga, na sanduku, yaani boksi la chai lilopinduliwa likatiwa mti na kamba. Asubuhi ulikuwa wimbo wa kukaa umetulia na kwenda kutunza, alasiri umekuwa wa kukata kiuno, na maneno ni yale yale wallahi. Alopanga kuziweka siku moja anaujua mziki. Redio yangu ndogo sanduku haikulitoa kabisa, nasikia mkwasa tu tik tik tik, nkaazima spika kwa kijana wa jirani ndo mdundo ukaja, mkasi ukawa unatembea wenyewe juu ya meza.

Usiku msewe, ngoma ya Pemba, hapo redio inashindwa kidogo, ile misewe wanayofunga miguuni unaisikia ikilia lakini mguu huuoni, na safari hii tulipomtaka mtangazaji atwambie wachezaji wanafanya nini, kanyamaza kimya.

Wamesema Jumapili ijayo tena. Alasiri usikose na usitegemee spika ya simu. Mie kanzu moja nimeitia mkono nje ndani, naijua ni wakati wa kidumbak, na leo ndo nafumua.