Seiko 5 ya zamani, mashine 7009: mambo ya kukagua kabla ya kutoa pesa

Kwa anayetaka saa ya mkononi ya zamani bila kuvunja benki yake, Seiko 5 yenye mashine 7009 bado ndiyo tunayoipendekeza kwanza. Ina vito 17 (vijiwe vidogo vinavyopunguza msuguano ndani ya mashine), haitaki betri, inajijaza yenyewe mkono unapotembea, na si mashine ya kumtisha fundi saa wa Ngamiani hapa Tanga. Saa yenyewe haina ubaya. Ubaya ni kwamba nyingi zinazotembea mezani na kwenye mitumba ya Tangamano zimechakachuliwa, na mnunuzi huvutwa na ile inayong'aa kuliko zote, ambayo mara nyingi ndiyo iliyoharibiwa zaidi.

Mashine iliyochoka inasafishwa, inatiwa mafuta, inarudi kazini. Uso wa saa ukishapakwa rangi upya haurudi tena. Kwa hiyo ukaguzi uanzie usoni, na uanzie nje juani, si chini ya taa ya duka. Azima lenzi ya fundi au tumia kamera ya simu ukivuta karibu. Tazama neno SEIKO: kwenye uso wa asili ni herufi za chuma zilizobandikwa au chapa yenye kingo kali kama zilizokatwa kwa wembe. Uso uliopakwa upya una wino uliovimba, herufi zinazogusana, na vistari vya dakika visivyokaa sawa na alama za saa. Kisha shuka chini kabisa, karibu na namba 6, utafute maandishi madogo mno yanayotaja Japan na namba ya uso. Mpakaji akiyaacha, au akiyaandika kwa mkono unaotetemeka, umeshajua. Rangi ya machungwa au kijani inayowaka kama leso mpya, kwenye saa ya miaka arobaini, haiaminiki. Uso uliofifia wenyewe, hata ukiwa na madoa mawili matatu ya chumvi, una thamani kuliko huo.

Sasa igeuze. Kwenye kifuniko cha nyuma kuna namba mbili zenye maana. Ya kwanza ina tarakimu nne, kistari, kisha nne nyingine: zile nne za mbele ni mashine, hivyo lazima zisomeke 7009, na ile namba ndogo iliyo usoni karibu na 6 nayo ianze na 7009. Uso ukitaja vito 21 wakati kifuniko kinasema 7009, hapo saa mbili zimezaa moja. Namba ya pili ni ya kiwanda. Tarakimu yake ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi, na miezi ya Oktoba, Novemba na Desemba huandikwa O, N na D. Kwa mfano, ikianza na 8D, ni Desemba ya mwaka unaoishia na 8. Muongo haumo, kwa hiyo muuzaji anayekutajia mwaka kamili kwa namba hiyo peke yake anabahatisha.

Mwombe aifungue. Akikataa, bei ishuke au uondoke. Ndani, tazama kwanza mahali unapokaa mpira wa kuzuia maji. Jasho na hewa ya pwani yetu hukusanyika hapo, na chuma kinachoonekana kizima kwa nje huwa kimeliwa vishimo pembeni. Vishimo vikifika njia ya mpira, hakuna mpira utakaoziba. Tafuta pia kutu ya kahawia kwenye mhimili wa kitufe cha kurekebishia, maana huko ndiko maji huingilia. Skrubu zilizokwaruzwa vichwa zinaonyesha zimepitiwa na bisibisi isiyo yake. Halafu cheza na kile kipande cha nusu duara kinachozunguka na kuijaza saa: kiende huku na huku bila kukwaruza. Kikiacha mduara uliochubuka ndani ya kifuniko, kimelegea au beringi yake imelika.

Ikiwa imelala, itikise kidogo tu. Mshale wa sekunde uondoke mara moja. Saa inayohitaji kupigwapigwa ina mafuta yaliyoganda. Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi: 7009 haijazwi kwa kuzungusha kitufe, na ukikivuta kitufe mshale wa sekunde hausimami. Huo si ugonjwa. Ikijazika kwa kitufe au sekunde zikisimama, ndipo uulize mashine gani imewekwa humo.

Siku na tarehe zijaribu kwa uangalifu. Vuta kitufe hatua ya kwanza: upande mmoja hubadilisha tarehe, wa pili siku. Usifanye hivyo mishale ikiwa inaelekea usiku wa manane, yaani tangu saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri, kwa sababu wakati huo meno ya kubadilishia yameshashikana na huvunjika. Kwa kuwa uso hauonyeshi usiku na mchana, sogeza kwanza mishale hadi namba 6 chini. Baadaye zungusha kupita saa sita usiku: tarehe iruke, siku ifuate polepole.

Mwendo haupimwi kwa dakika tano. Linganisha na simu, ivae mchana kutwa, ilaze usiku, upime baada ya saa 24. Kupishana sekunde 20 au 30 kwa umri huu tunakubali. Ikikimbia dakika kadhaa kwa siku, usiitupe haraka, huenda imeshika sumaku ya spika au kava la simu, na fundi mwenye kifaa huitoa kwa muda mfupi. Ikisimama kabla ya asubuhi ingawa uliivaa siku nzima, hesabu gharama ya servisi ndani ya bei. Ukiwa wa waja leo waondoka leo, kubaliana na muuzaji kabla hujalipa kwamba itarudishwa ikigoma.

Kioo cha Seiko hizi mara nyingi ni cha madini, hivyo mikwaruzo haitoki kwa dawa ya meno kama kioo cha plastiki, kinabadilishwa. Mkanda wa chuma ushike kwa ubavu: ukijikunja kama mkufu, pini zimelika. Pembe za bodi ziwe na kingo. Zilizoviringika kama sabuni zimepigwa msasa.

Maneno WATER RESIST yasikudanganye, mpira wa enzi hizo umeshakauka. Ishike kiganjani ipate joto, dondoshea kioo tone la maji baridi, subiri dakika moja, ufute. Ukungu ukibaki upande wa ndani, tayari kuna unyevu. Na hata isipoonyesha ukungu, ukienda kuogelea Raskazone iache nyumbani.