Hati ya uwakili au msimamizi wa mahakama?

Mzee anayeishi England akianza kupoteza kumbukumbu, nani ashike fedha zake? Sheria ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa kujiamulia ina njia mbili kuu, na kinachozitenganisha hasa ni wakati.

Hati ya uwakili huandikwa na mzee mwenyewe, angali anaelewa anachotia saini. Humchagua anayemwamini amshikie fedha (huyo ndiye wakili wa hati, si lazima awe mwanasheria), na hati husajiliwa kabla ya kutumika. Ni nafuu zaidi. Ningeihimiza hata kwa familia zinazoona haya kuzungumzia pesa za baba mbele yake.

Uwezo ukishapotea, hati mpya haiwezekani tena. Hapo huombwa mahakama imteue msimamizi, na gharama hupanda: ada ya maombi, dhamana ya kulinda fedha za mzee, ada ya uangalizi na ripoti ya matumizi kila mwaka. Miezi hupita huku makao ya wazee yakidai malipo. Hata hivyo, ndugu wanaposhukiana (na hushukiana!), ripoti hizo huwa kinga kwa msimamizi mwaminifu.

Kwenye malalamiko, njia hizi hazitofautiani sana. Halmashauri ikikosea ada za matunzo, lalamika kwake kwanza. Usiporidhika, nenda kwa ombudsmani (mchunguzi huru wa malalamiko) wa serikali za mitaa na huduma za jamii, kwa kawaida ndani ya miezi 12 tangu ulipojua tatizo. Lakini anayetafuna pesa za mzee, awe wakili wa hati au msimamizi, huripotiwa kwa Ofisi ya Mlezi wa Umma, inayowasimamia wote wawili.