Phở ya Hanoi au bún bò ya Huế: supu ipi asubuhi?

Sisi tuliozoea supu na chapati asubuhi hatuoni ajabu Wavietnamu wakifungua siku kwa bakuli la tambi za mchele. Swali ni bakuli lipi.

Phở ya Hanoi ni supu tulivu. Mifupa ya ng'ombe huchemshwa kwa saa nyingi pamoja na mdalasini, iliki nyeusi, tangawizi na vitunguu vilivyobabuliwa motoni kwanza. Mchuzi hutoka safi, haukuzibi macho usione tambi bapa zilizo chini. Ukiagiza nyama mbichi, muuzaji huitandaza vipande vyembamba juu ya tambi, kisha huimwagia supu inayotokota. Unaiona ikigeuka rangi, kutoka nyekundu hadi kijivu, na ndipo unavuta kile kiti kifupi cha plastiki. Mezani kuna siki ya kitunguu saumu, pilipili na quẩy, vijiti vya unga vilivyokaangwa vya kuchovya. Tafadhali, onja mchuzi kabla hujatia chochote. Kuuzamisha kwenye pilipili ni kuudhulumu.

Bún bò ya Huế, mji wa wafalme wa ukoo wa Nguyễn tangu 1802 hadi 1945, haibembelezi. Harufu ya mchaichai inakupokea, nyuma yake uduvi uliochachushwa, kisha ukali. Tambi zake ni za mviringo, nene. Mara nyingi ina mguu wa nguruwe na damu iliyogandishwa, kwa hiyo Mwislamu aulize kabla ya kuketi.

Asubuhi ya baridi ya Januari pale Hanoi, nachagua phở bila kusita. Aliyelala vibaya, bún bò itamwamsha.