Vyombo vya kutengenezea bia nyumbani kwa kimea: kipi kinunuliwe kwanza

Ukitafuta mtandaoni vyombo vya kutengenezea bia kuanzia kimea chenyewe, si ile sharubati ya kimea ya kopo, utaonyeshwa kwanza mitambo ya chuma cha pua yenye pampu na vitufe. Mizuri, sikatai. Ila bia nyingi za nyumbani haziharibikii kwenye sufuria. Zinaharibikia kwenye ndoo ya kuchachushia, kwa joto na uchafu, na vitu vya kuzuia hayo mawili ni vya bei ndogo. Hela iende huko kabla ya kitu chochote kinachong'aa.

Hesabu zangu ni za bia lita 20 kwa mpishi mmoja, tena ya kunywa nyumbani. Ukitaka kuuza, hapo kuna leseni, na hiyo ni mada nyingine.

Chombo cha kulowekea kimea

Nafasi ya kwanza naipa sufuria moja kubwa na mfuko wa kitambaa. Mtindo huu ulienezwa na Waaustralia miaka ya 2000. Unapasha maji yote, unatandaza mfuko ndani ya sufuria, unamimina kimea kilichovunjwavunjwa, unafunika kwa blanketi na kukiacha saa nzima kwenye nyuzi 65 hadi 68. Kisha unanyanyua mfuko na kuukamua. Machicha wapewe kuku, na sufuria ile ile irudi motoni kuchemshwa na hopsi, yaani maua yanayoipa bia uchungu.

Ukubwa wa sufuria ndio unaowachanganya wengi. Kilo 5 za kimea zinahitaji maji lita 28 hivi. Kimea kitanywa karibu lita 4, na saa moja ya kuchemka itaondoka na 3 au 4 kwa mvuke. Ongeza nafasi ya kimea chenyewe, lita tatu na ushei. Sufuria ya lita 30 itafurika. Chukua ya 40.

Si lazima iwe chuma cha pua. Sufuria ya aluminiamu ya kupikia pilau la shughuli inafaa kabisa. Ikiwa mpya, chemsha maji matupu kwanza mpaka ndani ifubae. Ule utando wa kijivu ndio kinga yake, kwa hiyo usiusugue kwa waya, na kostiki soda isiguse kabisa chombo hicho.

Mfuko usiagize nje. Nunua kitambaa cha polyesta cha pazia jepesi la ndani, lile linalopitisha mwanga, umpelekee fundi cherehani. Mwambie ashone mishono miwili miwili kwa uzi wa polyesta, na mdomo wa mfuko uwe mpana kuliko mdomo wa sufuria. Kimea kikishalowa kinakaribia uzito maradufu, na mshono wa mara moja utaachia wakati unanyanyua. Kama utawasha moto mfuko ukiwa ndani, weka wavu wa chuma chini yake, la sivyo kitambaa kitashika kwenye kitako na kuungua.

Nafasi ya pili ni lile kasha la kubebea soda na barafu, likifungwa bomba na chujio chini. Linatunza joto vizuri kuliko sufuria iliyofunikwa blanketi. Lakini bado utahitaji sufuria ya kuchemshia, na chombo kingine cha maji moto ya kusuuzia kimea. Linamfaa anayependa bia nzito, kwa sababu mfuko wenye kilo 8 za kimea si wa kunyanyua peke yako.

Ya tatu ni mtambo wa umeme wa chombo kimoja, wa aina ya Grainfather au BrewZilla. Hapa sisi wa Afrika Mashariki tuna bahati. Soketi ya kawaida ya Marekani ina volti 120, na mitambo yao huishia karibu wati 1,600. Soketi zetu za pini tatu bapa, volti 230 hadi 240 na ampea 13, zinabeba karibu wati 3,000. Kutoa lita 28 nyuzi 67 hadi 100 ni kama dakika 40 kwa wati 1,600, na kama 22 kwa 3,000, kabla ya kuhesabu joto linalopotea. Basi ukiagiza, soma volti kwenye kibandiko. Ndugu wa Marekani asikununulie wa kwao. Nimeuweka wa tatu kwa sababu umeme ukikatika katikati ya mapishi huna la kufanya, na pampu ikifa vipuri vyake haviko kwa fundi wa mtaani.

Seti ya vyombo vitatu vya chuma cha pua ni ya mwisho. Mwenye nafasi na hela atafurahi nayo, ladha haitambui.

Vya kupimia

Kipimajoto cha dijitali chenye ncha ndefu hakina mjadala. Kijaribu kwenye barafu iliyopondwa na maji kidogo: kisome 0. Usikijaribu kwa maji yanayochemka ukiwa Nairobi ukategemea 100, maana kwa mwinuko ule maji huchemka karibu nyuzi 94.

Hidromita, kile kipimo kinachoelea kuonyesha sukari iliyobaki kwenye bia, nunua mbili, ni kioo. Ikianza 1.050 na kuishia 1.010, bia ina kileo cha asilimia 5 na kidogo. Isome siku tatu mfululizo kabla ya kujaza chupa. Namba ikiwa bado inashuka, chupa zinaweza kupasuka. Mzani wa gramu kwa ajili ya hopsi unamaliza orodha hii.

Ndoo, na joto la pwani

Ndoo ya plastiki ya chakula ya lita 25 au 30, yenye mfuniko wa kubana na kizibo cha maji cha kutolea hewa, inatosha. Mitungi mikubwa ya kioo siishauri: ikiteleza mkononi na maji ya sabuni inakata vibaya. Ndoo ikishachubuka ndani, ibadilishe, kwa kuwa wadudu hujificha kwenye michubuko. Dawa ya kuulia vijidudu iwe ile ya asidi isiyohitaji kusuuzwa, kama Star San. Jiki ikibaki kidogo huipa bia ladha ya dawa ya hospitali.

Hamira za kawaida za ale, bia inayochachuka kwenye joto la kadiri, zinataka nyuzi 18 hadi 22. Nairobi au Arusha chumba chenye kivuli kinaweza kukupa hiyo bure. Dar, Tanga au Mombasa hukipati, na wengi hukimbilia friji kuukuu na kidhibiti joto. Subiri kwanza. Nunua hamira ya Kinorwe iitwayo kveik, aina ya Voss, inayofanya kazi vizuri nyuzi 30 hadi 40. Friji itangoja siku utakayotaka laga, bia inayochachuka kwenye baridi.

Kupoza

Maji ya kimea yakishachemka lazima yapoe kabla ya kutiwa hamira. Bomba la shaba la mafundi wa friji, mita 15 zilizokunjwa duara, linalozamishwa kwenye sufuria na kupitishiwa maji ya bombani, ndilo la kwanza kwa wa bara. Pwani maji ya bombani yenyewe ni vuguvugu na bomba linakwama mapema. Huko mimina maji ya kimea yakiwa bado ya moto kwenye dumu zito la plastiki ya HDPE, lile lenye pembetatu ya namba 2, ulifunge, uligeuze ili moto uguse hadi kizibo, uliache mpaka kesho.

Vinavyosubiri

Kinu cha kuvunjia kimea kisikuumize kichwa. Omba muuzaji akuvunjie. Ila usipeleke kimea mashine ya unga: maganda yatasagika, mfuko utaziba na bia itakuwa na ukakasi. Kwa chupa, za kahawia za nusu lita zinazofunguliwa kwa opena ni nene na hazipitishi mwanga mwingi. Nunua mashine ya mkono ya kubania vizibo, na sukari ya kuipa bia gesi ndani ya chupa, gramu 6 kwa lita.